Roli Moja ya Foili, Siku Nne: Mombasa, Shimba, Tiwi na Gazi

Nimeandika haya kutoka kwenye daftari la mdogo wangu, ambaye ndiye aliyeshika pesa, na kwenye picha za simu yangu ambazo nusu yake ni moshi mtupu. Tulitoka wiki ya pili ya Februari, kaskazi bado inavuma, jua kali na usiku mkavu. Tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu wa kike, na shemeji, yaani kaka wa mke wangu, mwenye Probox.

Sharti la mdogo wangu lilikuwa moja: hakuna kubeba sufuria. Kila chakula kifungwe kwenye foili, kiwekwe kwenye makaa ya moto, kiliwe humohumo. Aliona video za Wamarekani wamepiga kambi msituni wakifanya hivyo, akakiona kitu ambacho mimi na shemeji tusingekiona hata tukitazama mara kumi: hawaoshi vyombo. Mtu aliyeosha vyombo vya nyumba ya watu tisa tangu utotoni, utamwambia nini?

Alhamisi, Mombasa

Asubuhi Marikiti. Tulinunua bizari, uzile, pilipili manga, tangawizi, thomu na fungu la mkwaju. Muuzaji alipotusikia tukibishana kuhusu iliki alitupa punje kumi bure, akasema tunamfukuzia wateja. Kisha Kongowea kwa viazi, vitunguu, karoti, tungule, viazi vitamu na ndizi. Nazi sita. Mwenye nazi alizigongagonga moja baada ya nyingine karibu na sikio lake, akazirudisha mbili. Huyo ndiye wa kununua kwake.

Foili tulinunua ile ya bei ya chini kabisa iliyokuwa rafuni. Nasema mapema ili mtu asirudie: usinunue hiyo. Ni nyembamba kuliko unywele, na mfupa wa kuku ukiigusa tu imeshatoboka.

Jioni tulifanya majaribio uani kwa mama. Shemeji, mwenye haraka kuliko feri inayoondoka, aliweka vipeto vitatu juu ya jiko makaa yakiwa bado yanatoa ndimi za moto. Dakika ishirini baadaye tulifungua. Upande wa chini viazi vilikuwa vyeusi kama kiatu, upande wa juu vikilia kacha-kacha mdomoni. Mchuzi wote ulikuwa umemwagikia jikoni.

Mama alikuwa kwenye mkeka akipembua mchele. "Kwani mnachoma au mnavumbika?"

Mdogo wangu akamwambia, "Mama, hii ni ya kisasa."

"Ya kisasa gani? Hiyo ni kuvumbika, mwanangu. Sisi muhogo tukiuvumbika majivuni, tofauti yake tu hatukuuvalisha nguo ya fedha. Na hatukuweka kwenye moto. Tuliungoja moto ulale."

Tukarudi dukani kununua foili nene, shilingi 480. Na usiku ule mdogo wangu akafanya mazoezi ya kufunga kwa karatasi za magazeti, maana foili haikuwa ya kuchezea. Namna aliyofikia ni hii. Kata kipande cha urefu wa dhiraa moja, ncha ya kidole hadi kiwiko. Chakula katikati. Ncha mbili ndefu zikutane juu, uzikunje pamoja mara mbili au tatu kama unavyokunja mdomo wa mfuko wa unga, halafu ncha za pembeni vivyo hivyo. Usikibane chakula. Juu yake iachwe nafasi ya kiganja, maana kinachoiva pale kinaiva kwa mvuke wake chenyewe, na mvuke unataka chumba. Ukibana, utapasua. Ukiacha tundu, umechoma. Upande unaong'aa uwe ndani au nje, haidhuru. Shemeji alibishia hilo siku zote nne.

Ijumaa, Likoni hadi Shimba

Tuliamka saa kumi na moja alfajiri ili tuiwahi feri, na bado hatukuiwahi. Mimi na mdogo wangu tulishuka tukavuka na watembea kwa miguu, ambao hawalipi. Shemeji akabaki na gari kwenye foleni kwa dakika hamsini. Upande wa Likoni tulikula mahamri na mbaazi mara mbili tukimngoja. Alipofika alikuwa hasemi na mtu.

Kombani, pale barabara ya Kwale inapokata kulia, kulikuwa na mama ameanika makumbi na vifuu vya nazi, yaani maganda ya nyuzi na yale magumu ya ndani, kando ya njia. Gunia shilingi 150. Alituuliza tunataka kupika nini, na tulipomweleza alicheka, akaingia ndani, akatoka na karara tatu kavu za mnazi, yale maganda yanayofunika shada la maua. "Hizi za kuwashia. Usinilipe. Mkitumia mafuta ya taa chakula kitanuka." Kwa anayekuja nyuma yetu: vifuu ndivyo kuni bora za kazi hii. Vinashika haraka, vinawaka kwa hasira kidogo, halafu vinakuwa makaa magumu yenye joto la kudumu. Makumbi yanatoa moshi mwingi, lakini yanaushika moto polepole bila kuzimika. Changanya.

Kwale tulisali Ijumaa, tukaendelea hadi lango la hifadhi. Hapo ndipo tulipokwama. Malipo ya Shimba Hills ni kwa njia ya simu, kupitia eCitizen, mtandao wa serikali wa malipo. Fedha taslimu hazipokelewi. Sasa simu zetu zote tatu ziligoma kufungua ukurasa. Tulikaa saa nzima tukinyanyua mikono juu kama watu wanaoomba mvua. Kijana wa bodaboda aliyekuwa kivulini akingoja abiria alitutazama weee, mwisho akaja akatuwashia data yake, akasimama pale hadi malipo yakapita. Pesa alikataa. Mahamri manne yaliyobaki aliyapokea. Lipia mjini kabla ya kupanda, utajiepushia aibu hiyo. Na usibebe maji ya chupa za kutumia mara moja: tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki hizo zimekatazwa kwenye hifadhi, misitu na fukwe zilizolindwa. Sisi tulikuwa na dumu la lita ishirini.

Shimba ni kama nchi nyingine. Umeacha joto la Likoni linalokushika shingo, nusu saa tu baadaye uko juu kwenye upepo baridi na nyasi ndefu, na msitu umejikunja mabondeni. Hii ndiyo hifadhi pekee Kenya unapoweza kumwona palahala, swala mkubwa wa pembe ndefu. Tulimwona mmoja, dume, mweusi ti, pembe zimepinda kwenda nyuma hadi karibu na mgongo. Alitutazama kama karani mwenye kazi nyingi, akaondoka.

Kambini mdogo wangu alianza kutayarisha mapema. Alifunga vipeto vinne vya viazi, karoti na vitunguu, akavipanga juu ya meza ya mawe, akageuka kuchukua chumvi. Nyani dume akashuka, akachukua kimoja, akapanda juu ya mti. Nina picha. Alikifungua kwa utulivu, mkunjo kwa mkunjo, bila kuichana foili, jambo ambalo shemeji hakuwahi kuliweza. Alikula karoti, viazi akavitupa, vitunguu akavinusa. Foili ikaanguka chini, nasi tukaiokota, maana ni taka yetu si yake.

Usiku tulipika kuku. Askari wa wanyamapori aliyekuja kutukagua alituelekeza tuwashe kwenye mafiga yaliyopo, si penginepo, na kila kilicho na harufu tukifungie garini, kwa sababu ndovu wanapita. Kinyesi chao kilikuwa hatua thelathini kutoka hema letu, hakijakauka.

Safari hii tuliungoja moto ulale. Inachukua muda kuliko unavyodhani: tuliwasha saa kumi na mbili na nusu, tukaweka chakula saa moja na dakika ishirini. Alama tuliyoijua baadaye ni hii: ndimi za moto zimekwisha, makaa ni mekundu ndani na juu yamevaa ukungu mweupe wa jivu, na ukiweka kiganja juu yake kwa umbali wa shubiri unaweza kuhesabu hadi nne, tano, kisha unakiondoa mwenyewe. Ukiishia mbili, ngoja. Ukifika kumi, umechelewa.

Mdogo wangu aliitoa mifupa kwenye mapaja ya kuku, akaikata nyama vipande vya vidole viwili, na viazi akavikata vyembamba kama sarafu mbili zilizobebana. Thomu, tangawizi, uzile, pilipili manga, kijiko cha mafuta, chumvi. Foili mara mbili. Dakika thelathini na tano, kugeuza mara moja tu. Shemeji alitaka kufungua dakika ya kumi, ya kumi na tano, ya ishirini. Kila ukifungua mvuke unatoka na unaanza upya. Mwisho mdogo wangu alimpa kazi ya kuhesabu nyota.

Kuku aliiva, maji yake yalitoka meupe bila damu. Viazi vya chini vilikuwa vimeshika rangi ya hudhurungi na kunyonya mafuta yote ya kuku. Tulikula kimya. Saa tano tulisikia matawi yakivunjika upande wa bondeni, polepole, tawi moja baada ya jingine, na hakuna aliyetoka nje hadi asubuhi.

Jumamosi, Tiwi

Mayai ya asubuhi kwenye vikombe vya foili yalishindikana. Tusiyazungumzie. Tulishuka maporomoko ya Sheldrick na askari, maji yanaanguka takriban mita 20, kushuka ni raha na kupanda ni kulipa. Saa sita tulikuwa njiani kurudi pwani.

Tiwi tulipata kiwanja cha kupigia hema juu ya ufuo, shilingi 500 kwa hema, choo kisafi, maji ya kisima yenye chumvi kidogo. Saa tisa maji yalikuwa yanajaa na ngalawa zinaingia. Tulinunua changu wawili na tafi watatu, kilo mbili kasoro kidogo, shilingi 450 kilo. Mvuvi aliyetuuzia aliwapaa magamba na kuwatoa matumbo yeye mwenyewe kwa kisu kilicholiwa na kunolewa hadi kimekuwa kama sindano. Kisha akauliza chakula kinafungwa na nini. Tukamwonyesha foili. Akauliza viungo gani. Mkwaju, ndimu, chumvi.

"Hiyo itatobolewa," akasema. "Sufuria ya aluminiamu ukiiachia mkwaju usiku kucha inaanza madoadoa. Hii karatasi itakuwaje?" Akaelekeza kidole kwa migomba nyuma ya nyumba ya mlinzi.

Alisema kweli. Vitu vichachu na chumvi vinaila aluminiamu. Mlinzi alitukatia majani mawili ya mgomba. Mdogo wangu aliyababua juu ya moto, yaani kuyapitisha harakaharaka hadi yang'ae na kulegea, kwani jani bichi linapasuka ukilikunja. Samaki alichanjwa mistari mitatu kila upande, akasuguliwa thomu, tangawizi, pilipili mbichi na chumvi, akanyunyiziwa ndimu. Akalazwa kwenye jani, akamwagiwa tui zito lenye bizari na mkwaju, jani likakunjwa, ndipo foili ikaja juu. Foili imekuwa kanzu, jani ndilo shati la ndani.

Makaa ya vifuu, dakika ishirini na mbili kwa changu, tafi kumi na saba. Kipeto kilivimba kama andazi, kisha harufu ya nazi ikaanza kutoka, na hiyo ndiyo saa yenyewe. Tulipofungua, jani lilikuwa limegeuka rangi ya zeituni, tui limeganda kidogo pembeni, jicho la samaki jeupe kabisa. Nyama iliachana na mfupa kwa kuisukuma na kidole tu. Nimekula samaki wa kupaka maisha yangu yote na sitasema huyu alimshinda wa mama. Lakini wa mama hajawahi kuliwa miguu ikiwa mchangani.

Mlinzi tulimpa tafi mmoja. Ndipo alipotazama mwezi, uliokuwa mpevu, akatutazama na sisi. "Leo bamvua, wanangu. Moto wenu msiuweke huko chini."

Tulikuwa tumeuweka huko chini. Juu kulikuwa na upepo. Chini, nyuma ya jiwe la matumbawe, kulikuwa kumetulia. Na saa nne usiku maji yalikuwa yamekupwa mbali, hata miamba ilionekana. Shemeji akasema maji yako kule, mzee anatutisha. Mdogo wangu alishavumbika viazi vitamu sita, kila kimoja na foili yake, ndani ya jivu la moto, viive polepole hadi asubuhi kama alivyosema mama. Tukalala.

Huku kwetu bamvua maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na hujaa karibu na saa kumi alfajiri. Niliamshwa na sauti ya *shhh* ndefu, kama mtu anamwagia jiko maji. Ndivyo ilivyokuwa. Bahari ilikuwa imeingia jikoni. Tulikimbia na tochi, shemeji na kikoi kimoja, tukaokoa gunia la vifuu na dumu. Viazi havikuonekana. Kulipokucha tuliviona viwili kwenye mstari wa mwani, vinang'aa. Kimoja kilikuwa kimeiva vizuri mno na chumvi yake tayari. Tulikigawa mara tatu. Foili za vile vinne vingine tulizitafuta ufuoni saa nzima, tukapata mbili.

Jambo jingine kuhusu hilo jiwe: usiwashe moto kwenye mawe yaliyolowa. Maji yaliyomo ndani yakichemka jiwe hupasuka na vipande huruka. Letu lilipasuka kwa sauti tu, bahati yetu.

Jumapili, Gazi na kurudi

Ukunda tuliipita bila kusimama ila kwa barafu na mkate. Gazi tulifika saa tatu. Kina mama wa pale wana njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, unalipa kidogo unatembea katikati ya msitu na maji chini yako, kaa wekundu wanakimbia matopeni. Mama aliyetuongoza alitueleza habari za Mikoko Pamoja, mradi wao ulioanza mwaka 2013: Gazi na jirani zao wa Makongeni wanauza hati za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, na fedha zinaingia kwenye maji na shule. Mdogo wangu alikuwa amepanga kuuliza wapi tunapata kuni za mikoko, kwa sababu alisikia zinatoa makaa mazuri. Nikamwona anaufunga mdomo.

Tuliwaagiza kina mama chakula cha mchana, wali wa nazi na samaki, kwa kuwa kipindi hicho hata mdogo wangu alikuwa tayari kuona sahani. Kitindamlo tulifanya wenyewe mchangani, juu kabisa, tumejifunza. Ndizi zilizoiva zikiwa na maganda, zimepasuliwa kwa urefu, ndani nazi iliyokunwa, sukari na ile iliki ya bure ya Marikiti. Foili, makaa, dakika kumi. Hiki ndicho chakula rahisi kuliko vyote tulivyopika, na ningeshauri aanzie hapo mtu yeyote, kwani hata ukikosea unapata ndizi. Vilikuwa vipeto vinne. Tulikula vitatu, cha nne mdogo wangu akasema ni cha mama, akakiweka "mahali pazuri nisikisahau".

Tulipokuwa tunakusanya foili zilizotumika kwenye gunia, mzee mmoja aliyekuwa anarekebisha mishipi alisimama akaomba zile safi. Foili haiungui, ukiiacha motoni inabaki vipande majivuni miaka, kwa hiyo kila kambi tulibeba yetu. Nikamuuliza za nini. Hakujibu, alikata ukanda mwembamba, akausokota kwenye shingo ya ndoana, akaufanyia mikia miwili, akaivuta ndoana ndani ya dimbwi. Ikawa dagaa kabisa, inametameta. "Ya kurambazia," akasema. "Nguru hana macho ya kusoma." Tukampa pia kilichobaki kwenye roli, kama dhiraa tatu hivi.

Kurudi tulipita Dongo Kundu, tukatokea Miritini bila kuona feri. Shemeji aliimba njia nzima. Kwa mujibu wa daftari, chakula, kuni, barafu na foili zote mbili, pamoja na ile mbovu, vilikula shilingi 6,430 kwa watu watatu; kiingilio, hema na mafuta ya gari mbali.

Jumatano shemeji akanipigia simu. Alikuwa na abiria wanne garini, wote wamefungua vioo. "Shemeji," akasema, "hebu muulize dada yako, ile ndizi ya mama aliiweka wapi?"